Mwarobaini: ndani ya jani chungu mna nini?



Ukitembea Mbegani asubuhi, kutoka nyumba za wavuvi kuelekea chuo cha uvuvi, hupiti nyua nyingi kabla ya kuuona mwarobaini. Chini ya kivuli chake watu hushona nyavu, wazee huzungumza, watoto hucheza na vitunda vyake vya manjano vilivyodondoka. Na mtu akianza kusikia baridi na viungo kuuma, majani yake ndiyo ya kwanza kuingia sufuriani. Katika jumuiya ndogo ndogo swali tunaloulizwa ni lile lile: mwarobaini unatibu malaria au hautibu? Wengine huuliza kwa sauti ya chini, maana mtoto ameshanyweshwa.

Tunajibu mapema, ili asiyemaliza kusoma asilikose jibu. Mtoto mwenye homa asitibiwe kwa mwarobaini. Apelekwe kupimwa siku ile ile homa ilipoanza, asilale nayo hadi kesho kutwa. Lakini jibu hilo fupi halitoshi, kwa sababu bibi zetu waliouamini mti huu hawakuwa wajinga. Ndani ya jani lile mna kemikali za kweli zenye nguvu ya kweli, na ni nguvu hiyo hiyo inayotufanya tuseme: tahadhari.

Mti wa kigeni uliokuwa wetu

Jina lake latokana na arobaini, yaani maradhi arobaini unayosifiwa kuyaponya. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica. Asili yake ni upande wa India na Myanmar, ukaja kwetu kwa njia ya watu wa huko na biashara ya bahari, nao umezoea mchanga na jua la pwani kana kwamba haukuwahi kuwa mgeni. Uko katika jamaa moja na mkangazi wa msituni na mkomafi, ule mkoko wenye tunda kubwa la mviringo linaloonekana mikokoni maji yakitoka. Tutaurudia mkomafi baadaye.

Hapa tuwakumbushe jambo moja. Kuna mti mwingine unaofanana na mwarobaini, na wapo wanaouita kwa jina hilo hilo. Huo jani lake limegawanyika mara mbili: kijiti kikuu kina vijiti vidogo pembeni, na majani madogo yako juu ya hivyo vijiti vidogo. Maua yake ni ya zambarau. Mwarobaini wenyewe una kijiti kimoja tu chenye majani yaliyopangana pande mbili, kingo zake kama meno ya msumeno, na maua meupe. Matunda ya ule mwingine yana sumu, nayo yamewahi kudhuru watu na mifugo. Mtoto asifundishwe kuyachezea.

Uchungu unatoka wapi?

Mti hauwezi kukimbia. Kiwavi akija kuula, au nzige wakitua juu yake, hauna miguu wala mikono ya kujitetea. Basi miti mingi hujitetea kwa kutengeneza kemikali ndani ya majani, magome na mbegu, na mara nyingi kemikali hizo ndizo sisi tunazozisikia ulimini kama uchungu. Jamaa ya mwarobaini imebobea katika aina moja, ambayo wanakemia huiita limonoidi. Kama hujawahi kutafuna jani la mwarobaini, tafuna kokwa ya chungwa: uchungu ule ni wa ndugu zake.

Kemikali maarufu kuliko zote katika mwarobaini ni azadiraktini, ambayo iko kwa wingi zaidi katika mbegu. Habari yake inapendeza. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati makundi ya nzige yalipovamia. Nzige walimaliza kila kitu cha kijani, lakini mwarobaini ulibaki umesimama na majani yake. Alijiuliza kwa nini, na wengine wakajiuliza pamoja naye. Mwaka 1968 wanasayansi wawili wa Uingereza, Butterworth na Morgan, waliitenga kemikali hiyo kutoka katika mbegu. Umbo lake likajulikana sawasawa mwaka 1985 tu. Na kuitengeneza maabara bila kutumia mti kulichukua miaka 22 ya kazi, hadi kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge lilipofaulu mwaka 2007. Kazi ya miaka 22, na mwarobaini wa uani unaifanya kila msimu bila kelele.

Azadiraktini hufanyaje kazi? Mdudu mchanga hukua kwa kujivua ngozi, kama nyoka avuavyo gamba. Ili ajivue anahitaji amri kutoka ndani ya mwili wake, na amri hiyo huletwa na homoni. Azadiraktini huvuruga homoni hiyo. Kiwavi anabaki amefungwa ndani ya ngozi iliyomkaza, haendelei kukua, mwisho anakufa. Zaidi ya hayo, wadudu wengi wakionja tu huacha kula. Sisi binadamu hatujivui ngozi kwa namna hiyo, ndiyo maana kemikali hii haitudhuru sana kama inavyomdhuru mdudu. Mkutano wa tatu wa kimataifa juu ya mwarobaini ulifanyika Nairobi mwaka 1986, na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha huko huko kiliendelea kuufundisha matumizi yake kwa wakulima katika miaka ya 1990.

Lakini vimelea vya malaria si wadudu, wala havijivui ngozi. Kwa hiyo sifa za azadiraktini dhidi ya nzige haziwezi kuchukuliwa hivi hivi na kupelekwa kwa mgonjwa wa malaria.

Gedunini na mkomafi

Hata hivyo mwarobaini una kemikali nyingine inayoitwa gedunini, na hii ndiyo inayofanya watu waseme kwamba sayansi imethibitisha. Ni kweli kwamba gedunini ikitiwa katika chupa ya maabara yenye damu iliyo na vimelea vya malaria, vimelea hufa. Tena gedunini hiyo hiyo imepatikana katika mkomafi wetu wa mikokoni, ambao wazee wa pwani wametumia gome na tunda lake kwa maradhi ya tumbo. Miti miwili, mmoja wa nchi kavu na mwingine wa maji ya chumvi, na kemikali ni moja.

Sasa tusimame hapo kwenye chupa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Ndani ya chupa hata sabuni huua vimelea, na hakuna anayemnywesha mtoto sabuni. Ili kitu kiwe dawa, lazima kivumilie asidi ya tumbo, kipenye utumbo na kuingia katika damu, kisha kisivunjwe na ini kabla ya kufanya kazi. Baada ya hapo lazima kibaki katika damu kwa wingi wa kutosha na kwa muda wa kutosha, na katika hayo yote kisimdhuru mgonjwa. Gedunini ilipojaribiwa kwa panya wenye malaria matokeo yalikuwa hafifu, tofauti kabisa na yale ya chupani.

Tena fikirini sufuria yenyewe. Mama mmoja huweka majani konzi moja, jirani yake huweka matatu. Mmoja huchemsha mpaka maji yanakuwa meusi, mwingine huloweka tu. Kiasi cha kemikali hubadilika kutoka mti hadi mti, kiangazi na masika, jani changa na jani kuukuu. Kikombe cha leo si kikombe cha jana. Daktari hupima dawa kwa uzito wa mtoto. Sufuria haina mizani.

Mimea iliyokuwa dawa kweli

Asidhani msomaji kwamba tunadharau mimea. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinazihesabu dawa zitokazo ardhini kuwa ni kazi ya Mungu, na sura hiyo hiyo humheshimu tabibu. Dawa za malaria zilizookoa watu wengi zaidi duniani zilianzia kwenye mimea.

Ya kwanza ni kwinini. Katika karne ya 17 Mapadri Wajesuiti walilipeleka Ulaya gome la mti wa sinkona kutoka Peru, hata likaitwa gome la Wajesuiti. Watu walikunywa unga wa gome hilo kwa karibu miaka 200, wengine wakapona na wengine hapana, kwa sababu gome moja lilikuwa na dawa nyingi na jingine karibu halina kitu. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe. Tangu hapo ikawezekana kumpa mgonjwa kipimo kinachojulikana. Sinkona ilipandwa hata kwetu: Wajerumani waliijaribu katika kituo chao cha Amani, milima ya Usambara, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza kwinini hapo.

Ya pili iko katika dawa mnazozijua. Mwanamama wa China, Tu Youyou, alitafuta dawa ya malaria katika vitabu vya kale vya nchi yake. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulimpa matumaini, lakini majaribio yalikuwa yakikataa. Akarudi kusoma, akaona kwamba tabibu wa zamani hakusema mmea uchemshwe, bali ulowekwe na kukamuliwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa kwa njia isiyohitaji joto kali, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto ya ALu iliyoanza kutumika katika vituo vyetu vya afya tangu mwaka 2006 ina artemeta, ambayo hutengenezwa kutokana na artemisinini hiyo.

Pamoja na mafanikio hayo yote, Shirika la Afya Duniani lilirudia onyo mwaka 2019 kwamba chai ya majani ya mmea huo isitumike kutibu malaria. Dawa iliyomo katika chai ni kidogo na haina kipimo. Vimelea hupigwa bila kuuawa, na vinavyobaki hujifunza kuizoea dawa. Basi, ikiwa chai ya mmea ambao dawa yake imethibitishwa haikubaliki, tuseme nini juu ya chai ya mwarobaini?

Homa kushuka si kupona

Kuna jambo moja linalowadanganya wazazi wengi, na tunaomba lisomwe kwa utulivu. Katika majaribio ya wanyama, maji ya majani ya mwarobaini yameonekana kupunguza homa na uvimbe. Kwa hiyo mama anayesema mtoto alikunywa jioni na usiku akapoa huenda anasema kweli tupu. Lakini homa ni king'ora tu. Unaweza kukizima king'ora na moto ukaendelea kuwaka ndani ya nyumba. Mtoto anapoa, anacheza kidogo, mzazi anatulia, na vimelea vinaendelea kuongezeka katika damu. Siku ya tatu anaamka mweupe viganjani, hawezi kukaa, au amepatwa na degedege. Na tusisahau kwamba homa nyingine si malaria kabisa. Huweza kuwa nimonia au maradhi mengine yanayohitaji dawa tofauti, na hilo halijulikani mpaka apimwe.

Juu ya degedege, utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliiona degedege kuwa ni ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria. Wengi walianza kwa mganga, na wapo walioogopa kwamba mtoto wa namna hiyo akipigwa sindano atakufa. Mambo yamebadilika sana tangu wakati huo, lakini hofu ya sindano bado tunaisikia. Ukweli ni kwamba malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti, na ndiyo inayomwokoa. Mtoto akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, iwe maji ya mwarobaini, mafuta wala kijiko, na safari ya zahanati ianze wakati huo huo hata kama ni usiku.

Mafuta ya mbegu

Majani yana tahadhari yake, lakini mafuta ya mbegu ni habari nyingine. Huuzwa katika vichupa, yana harufu kali inayofanana na kitunguu saumu kilichooza, na wapo wanaowapa watoto kijiko kwa ajili ya minyoo au kikohozi. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto wadogo walionyweshwa mafuta haya kwa kiasi kidogo tu. Walitapika, wakalegea na kusinzia, wakahema mbio, wakapata degedege. Ini na ubongo vilidhurika, na wapo waliofariki. Tazameni dalili hizo: ni zile zile ambazo mzazi angezidhania kuwa ni malaria kali, pengine akaongeza kijiko kingine. Mtoto asinyweshwe mafuta ya mwarobaini hata tone. Akiyanywa kwa bahati mbaya, nenda naye hospitali pamoja na kichupa chenyewe, wala usimtapishe.

Akina mama wajawazito nao wajiepushe na mwarobaini wa kunywa, mafuta na majani pia. Katika wanyama umeonekana kuharibu mimba changa, na watafiti wa India wameuchunguza kwa miaka mingi kama kitu cha kuzuia mimba. Ndoa inayotafuta mtoto iyajue haya, kwa sababu tumewaona watu wanaokunywa kikombe kila asubuhi kwa kusafisha damu huku wakilalamika hawapati mtoto; hatusemi hiyo ndiyo sababu, tunasema waache kwanza. Mjamzito ana dozi zake za SP anazopewa kliniki kwa ajili ya kuzuia malaria.

Wenye kisukari pia wasikilize: mwarobaini huweza kushusha sukari, na pamoja na vidonge vya hospitali sukari huweza kushuka kupita kiasi. Mweleze daktari unachokunywa nyumbani. Asione haya mtu kusema. Tangu mwaka 2002 nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Muhimbili kuna taasisi inayochunguza dawa za asili.

Unapofaa

Baada ya makatazo hayo yote, mwarobaini una kazi nyingi nzuri nje ya mwili. Kijiti chake ni mswaki mzuri, na bei yake ni kukikata tu. Kwa upele unaowasha usiku, watafiti wa India mwaka 1992 waliwapaka watu 814 majani mabichi yaliyosagwa pamoja na manjano, na 97 kati ya kila 100 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hawakuwalinganisha na waliotumia dawa nyingine, kwa hiyo tunauchukulia kama mwanzo mzuri tu. Ukijaribu, nyumba nzima ipakwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe yaanikwe juani, la sivyo upele utazunguka kutoka kwa mtoto hadi kwa baba na kurudi.

Kwa mbu, mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, 2 katika 100, yalifukuza mbu wa malaria vizuri katika majaribio ya India yaliyochapishwa mwaka 1993. Ni msaada kwa mvuvi anayekesha ufukweni, lakini kitandani ni chandarua chenye dawa. Bagamoyo ni miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini kujaribu vyandarua hivyo, katika miaka ya 1990, kwa hiyo sisi ndio tusingepaswa kuvitumia kuzungushia vifaranga.

Kwa bustani ya mchicha, twanga mbegu zilizokaushwa na kumenywa, nusu kilo, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, nyunyizia jioni. Jioni, kwa sababu jua huiharibu azadiraktini upesi. Kwa sababu hiyo hiyo majani ya kuweka ghalani huanikwa kivulini. Yakikauka yaweke katika magunia ya maharage au kunde, tabaka la nafaka na tabaka la majani, na baada ya miezi michache uyabadilishe. Fukusi hawataisha wote, ila watapungua. Siku ya kupika pepeta na uoshe maji mawili matatu, maana jani moja likibaki sufuria nzima itakuwa chungu, na watoto wataikataa.